Sauti ya Babu Ndani ya Faili la Ogg

Babu yangu alirina asali katika msitu wa Rungwa maisha yake yote, na njia ya kwenda kwenye mizinga yake hakuiandika popote. Aliisema kwa Kikimbu, lugha yetu: anataja mti, anavuma kwa pua, anataja mti unaofuata. Urefu wa mvumo ndio urefu wa mwendo. Nikiwa chuoni nilimrekodi kwenye kaseti. Baadaye kiharusi kikamnyang'anya maneno.

Miaka ile biashara huria ilikuwa imeshika kasi, na Singida mjini maduka ya kompyuta yalikuwa yanafunguliwa kila kona. Mimi nilikuwa mtu wa kuhoji. Kwa nini sauti ya babu ikae kwenye mp3, mfumo ambao hataza zake, yaani haki za uvumbuzi, ni za kampuni za ng'ambo? Nikaiingiza kwenye kompyuta ya chuo, nikaigeuza kuwa ogg, mfumo ulio wazi kwa kila mtu, nikaihifadhi kwenye disketi. Kisha, kwa kujiamini kupita kiasi, nikarekodi mihadhara ya uchumi juu ya kaseti ileile.

Sasa baba alikuwa amepata kibali cha kurina hifadhini, na angeondoka kesho yake asubuhi. Kiangazi kile maji ya kunywa yalikuwa sehemu mbili tu msituni, na zote zilikuwa kwenye njia ile, ndani ya maneno ya babu. Nikampeleka kwenye duka moja la kompyuta na redio kaseti yake, ili anakili sauti ile kwenye kaseti mpya aende nayo msituni.

Mwenye duka alibofya faili. Kompyuta ikakataa.

"Dogo, ogg ndiyo mdudu gani?"

"Ni sauti. Mfumo uko wazi, hauna mwenyewe."

"Uko wazi na haufunguki?" Akacheka. Kabla sijamzuia, akafuta herufi tatu za mwisho wa jina la faili, palepale kwenye disketi, akaandika mp3. "Mbona rahisi!"

Ikakataa tena. Disketi ikaanza kukwaruza ndani ya mashine. Nilijua kwamba kubadili jina hakubadili kilichomo. Nilikuwa nimewafundisha wenzangu hivyo. Pale dukani sikuamini hata elimu yangu.

"Kaseti iko wapi?" baba akauliza.

"Nimerekodi juu yake."

"Umerekodi nini?"

"Mihadhara, baba."

Ningefurahi angenifokea. "Basi, nitakwenda kwa kukumbuka," akasema. Mara ya mwisho alikwenda akiwa kijana, akifuata mgongo wa babu. Akilini nilimwona amekaa chini ya mti asioujua, dumu tupu mkononi.

Nilirudisha ogg mwishoni mwa jina la faili, nikanakili faili kwenye kompyuta, nikamwomba mwenye duka aunganishe mtandao kwa laini ya simu nishushe programu ya kuchezea ogg. Ilishuka tone kwa tone. Mara mbili taa zilififia, nami nikashika meza kana kwamba ningeuzuia umeme usikatike.

Saa sita mchana babu akakohoa kwenye spika.

Baba alibonyeza kitufe cha kurekodi, akafumba macho. Babu alipovuma, baba alitembea polepole kati ya ukuta na mlango, akigeuka, akihesabu hatua kwa midomo. Mwenye duka hakucheka tena.

Ilipoisha, baba alisikiliza nakala yake yote, mwanzo hadi mwisho. Kisha akatoa kaseti, akachukua kisu, akavunja vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asiweze kurekodi tena juu yake. Akaitia mfukoni bila kunitazama.