Nani Alimbeba Padri

Kila Jumamosi ya kwanza ya muhula, shule yetu huanika vitabu. Wanafunzi hutoa vitabu vyote vya maktaba, hushuka navyo hadi ufukoni, huvitandaza juu ya mikeka na maturubai, kisha hukaa kuvilinda dhidi ya kunguru na mbuzi. Fizikia iko pale, Biblia iko pale, kamusi zimelala kifudifudi. Ukipita na boti kutoka mwalo wa Katonga utadhani tunauza.

Mimi nafundisha historia hapo, na nilisoma hapo hapo, kwa hiyo nimeulizwa mara nyingi kwa nini tunafanya hivyo. Sikuwa na jibu. Mkuu mmoja wa zamani alisema ni kuua mende. Sista aliyekuwa akishika maktaba alisema ni unyevu wa ziwa. Mkaguzi mmoja alisimama, akatazama mikeka, akauliza kama tuna kibali cha soko. Kila mkuu mpya huja na nia ya kuifuta desturi hii, wazee wa kijiji humwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu padri wa kwanza, naye hunywea. Watu wa Simbo, kijiji cha jirani, wanatuita Shule ya Dagaa. Wanafunzi hukasirika, mimi nilishazoea.

Shule yenyewe imekua kwa vituko. Padri wa kwanza alijenga banda la nyasi. Aliyemfuata alipenda matofali kuliko watu, akajenga darasa refu katikati kabisa ya njia ya kwenda ziwani. Akina mama wenye ndoo hawakubishana naye, walipita tu dirishani, mpaka akasalimu amri akatoboa milango miwili inayotazamana. Darasa hilo lipo hadi leo. Unafundisha kidato cha pili, mama anaingia na beseni la vyombo kichwani, anasalimia, mnaitikia wote kwa adabu, anatokea upande wa pili, somo linaendelea. Baadaye masista walikuja na vyerehani na sungura, na sungura wakaongezeka kuliko vyerehani. Serikali ikaichukua shule, ikapaka jina jipya ukutani. Ikairudisha, jina la zamani likapakwa juu yake, na mvua ikinyesha sana unayasoma yote mawili. Leo tuna kidato cha sita, mabweni, maabara na chumba cha kompyuta. Tuna watoto wa Ujiji ambao Ijumaa huenda msikitini, watoto wa familia zilizotoka Burundi zikabaki, na watoto wa Dar es Salaam ambao wazazi wao waliambiwa hewa ya ziwa inatibu ukaidi. Haitibu.

Sasa, jubilei ilipokaribia, mkuu wa shule akaniita ofisini. Ni padri mnene, mcheshi, mtu wa kula vizuri.

"Mwalimu," akasema, "tunataka historia ya shule. Lakini iwe fupi, na iwe na maji."

Alimaanisha igizo. Alitaka tuonyeshe siku padri wa kwanza alipofika kwa mtumbwi, na yeye mwenyewe ndiye awe padri huyo, kwa sababu kanzu anayo. Ufuko wetu ni wa maji mafupi na chombo hakigusi mchanga. Siku hizo, kama unavyoona hadi leo mwaloni Kibirizi, abiria alibebwa mgongoni hadi nchi kavu. Kila mtu anajua kwamba padri wa kwanza alibebwa. Kilichobaki ni swali moja dogo la nani alimbeba, na hilo ndilo lililonitoa jasho.

Mwenyekiti wa kamati ya jubilei, mwenye sauti ya kuongoza misa bila kipaza sauti, alisema ni babu yake. Alilisema hilo kwenye kikao, kwenye jumuiya, na mara moja msibani. Kisha akaja mshona sare wetu kutoka Ujiji, mzee Mwislamu mtaratibu sana, akanywa chai yangu yote kabla ya kufungua mdomo.

"Mwalimu, mimi sitaki makuu," akasema. "Ila babu yangu ndiye alikuwa mwenye mtumbwi. Sasa padri wenu atabebwa na nani mwingine? Na samaki?"

Wa tatu alikuwa baba yangu.

Baba ni mvuvi aliyestaafishwa na magoti yake. Kwa miaka yote alikuwa na ombi moja tu katika dunia hii, kwamba siku moja jina la baba yake litajwe shuleni, kwa kipaza sauti, mbele za watu, yeye akiwa bado anasikia. Sikio moja lilikwisha kwenda, kwa hiyo alikuwa na haraka.

"Ego," aliniambia kwa Kiha, yaani ndiyo. "Ni baba yangu alimbeba. Andika."

"Baba, ushahidi uko wapi?"

"Ushahidi ni mimi."

"Ulikuwepo?"

"Na wewe ulikuwepo wakati wa Wajerumani? Mbona unawafundisha?"

Nilimweleza kwamba historia ni taaluma, kwamba kuna madai matatu na siwezi kupendelea nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaacha kusema nami. Alianza kupitisha maneno kwa kuku. "Mwambie mwalimu uji umepoa," alimwambia tetea mwekundu, nami nimesimama palepale. "Mwulize mwalimu kama kwenye taaluma wanakula." Nilikasirika, kisha nikaona huruma, kisha nikakasirika tena kwa sababu kuku naye alianza kunitazama kwa dharau.

Kilichonishangaza siku zote ni kwamba nyumba yetu ilijivunia shule hiyo lakini ilikuwa na kigugumizi nayo. Babu alipeleka watoto wake wote pale, ila yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga ndani ya geti. Akialikwa, alisimama nje ya ua. Akienda shambani, alizunguka nyuma ya kilima asipite mbele ya mapadri. Tuliambiwa ni unyenyekevu. Baba alisoma pale utotoni, lakini tangu babu afariki naye akawa anaishia getini. Siku yangu ya kwanza ya shule alinifikisha hapo, akanisukuma mgongoni, akageuka. Nilidhani ni unyenyekevu wa ukoo, na nilishukuru kwamba mimi haukunipata.

Mkuu wa shule alitatua ugomvi kwa hekima ya mtu mwenye njaa. Kikao kilikuwa kimeingia saa ya chakula, akasema padri abebwe na koo zote tatu, kwa kupokezana majini. Ukaanza ugomvi mwingine wa nani atakuwa wa mwisho, kwa kuwa wa mwisho ndiye atakayepigwa picha akimshusha mchangani. Tukapiga kura kwa punje za maharage. Ukoo wetu ukapata kipande cha mwisho. Baba alipopewa habari, alimwambia kuku kwamba Mungu yupo.

Siku ya jubilei wageni kutoka jimboni waliketi chini ya mahema ufukoni, kwaya upande mmoja, bendi ya shule upande wa pili, na baba kwenye kiti cha plastiki karibu kabisa na maji, kavaa koti ambalo tunalitunza kwa ajili ya harusi. Mtumbwi ukatokea. Mkuu wa shule alikuwa amesimama ndani yake, jambo ambalo nilimkataza, na ndevu za katani zimemfika kifuani.

Mtoto wa mshona sare, mpagazi wa Kibirizi aliyezoea magunia, alimchukua bila hata kukunja uso. Mwenyekiti alipokea yeye mwenyewe, na suruali yake ya suti, kwa sababu hakumwamini mtoto wake. Alitembea kama mtu anayehama na kabati, lakini alifika. Kisha akapokea mdogo wangu. Mdogo wangu anauza vocha na simu mjini, na kitu kizito zaidi alichowahi kubeba ni chaja. Hata hivyo alikaza meno, akapiga hatua, maji yakashuka hadi magotini, na baba akanyanyuka kitini.

Hapo ndipo mkuu wa shule alipokumbuka kwamba igizo linamtaka awabariki watu. Akainua mkono wa kulia, na mwili wote ukaufuata mkono. Mdogo wangu akaenda kushoto, padri akaenda kulia, na mwenyekiti, aliyekuwa amebaki nyuma yao ili aingie kwenye picha, akaenda nao. Maji yaliruka hadi kwenye meza ya wageni. Ndevu za katani zikajitoa, zikaelea peke yake kuelekea Kongo.

Kwaya haikujua ifanye nini, kwa hiyo iliendelea kuimba. Bendi nayo iliendelea, wimbo tofauti. Watu walicheka na kupiga makofi. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana mwandishi wa igizo ni mimi na ukoo ulioangusha ni wetu, tena mbele ya baba, kwenye kipande kile kile alichomshukuria Mungu. Nilimtafuta kitini nikakuta kiti kitupu. Alikuwa ameshafika kwa mshereheshaji, ameshika kipaza sauti.

"Shikamooni wakubwa," alisema. "Msicheke sana. Ndivyo ilivyokuwa."

Watu wakanyamaza. Hata bendi.

"Baba yangu alimbeba padri wa kwanza," akaendelea. "Na alimwangusha. Hapo hapo. Padri na sanduku lake lote la vitabu, lilikuwa kichwani kwa baba. Siku hiyo padri alikuwa anapita tu, anakwenda mbele, wala hakuwa na habari na sisi. Lakini vitabu vimelowa, afanyeje? Akina mama walikuwa wanaanika dagaa. Wakamsogezea dagaa pembeni, akaanika vitabu mchangani, pamoja na dagaa. Vilikuwa na picha. Watoto wakaja kutazama picha. Kesho wakaja tena, vitabu havijakauka. Akaanza kuwaambia hii ni nini na hii ni nini. Mpaka vinakauka, alikuwa na darasa."

Alipumua. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti yake bila kuku ni nzuri hivyo.

"Baba alidhani ameharibu. Alijificha, akadhani ipo siku wataulizana nani aliangusha vitabu vya padri. Mpaka anakufa hakupita kwenye lile geti. Aliniambia mimi tu, akasema nisiseme. Mimi nilitaka wamtaje tu kwamba alimbeba. Kumbeba alimbeba, si uongo. Hilo la kuanguka ningekufa nalo. Lakini leo nimemwona mjukuu wake anaanguka palepale, na nyie mnapiga makofi."

Kisha akalitaja jina la baba yake. Alilitaja polepole, kipaza sauti karibu na mdomo, na ukingo wa milima ukalirudisha. Akarudisha kipaza sauti, akarudi kwenye kiti chake.

Mkuu wa shule alikuwa bado amekaa majini, maji kifuani, kanzu imefura. Alikuwa wa kwanza kucheka, kisha nikaona kwamba anafuta macho, na si kwa sababu ya maji. Mshona sare akanijongelea, akaninong'oneza.

"Mwalimu, mimi najitoa," akasema. "Mtu hatungi uongo wa kujiaibisha. Alimbeba yule mzee wenu."

Mwenyekiti hakujitoa. Alitoka majini akichuruzika, akatangaza kwamba sasa amekumbuka vizuri, babu yake ndiye aliyesaidia kuokota vitabu. Kufikia jioni, kijiji kizima kilikuwa na babu aliyeokota kitabu. Kwa hesabu yangu padri yule alikuja na vitabu vingi kuliko maktaba tuliyo nayo leo.

Nyumbani nilikaa karibu na baba. Nilikuwa na uchungu wa kwamba nilimdai ushahidi mtu ambaye ushahidi wake ulikuwa unamuuma hivyo. Nikamgeukia tetea mwekundu.

"Mwambie baba kwamba nitaandika," nilimwambia kuku.

"Mwache kuku apumzike," baba akasema.

Muhula uliofuata, Jumamosi ya kwanza, nilimkuta amesimama getini na koti lake la harusi. Wanafunzi walikuwa wanashusha vitabu. Alilitazama geti, akatazama uwanja, akavuta koti mabegani.

"Mwana wanje, mwanangu, hawataniuliza?"

"Watakuuliza, baba. Wanangoja kukuuliza."

Akaingia. Alipita katikati ya darasa lenye milango miwili pamoja na akina mama wenye mabeseni, akatokea upande wa ziwa, akainama kwenye mkeka wa kwanza na magoti yake yale yale mabovu. Watoto wakamzunguka. Akaokota kitabu cha kemia, akakinusa, akakigeuza kwa vidole viwili kama mtu aliyekua na dagaa.

"Geuzeni," akawaambia. "Upande huu umeshakauka."