Asichanjwe

Bibi yangu alikiri kosa ambalo hakulitenda. Kukiri kwake nusura kummalize mdogo wangu.

Naitwa Mishi, mzaliwa wa Mambrui. Haya ni ya mwaka 1986, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwenye haraka apite tu, mimi kusimulia mbio mbio siwezi.

Mdogo wangu Badi alizaliwa hana kinga mwilini. Kikohozi cha siku mbili kwa mtoto mwingine, yeye kilimlaza mwezi.

Daktari mmoja Mtaliana, aliyekuwa na nyumba Malindi, akatuchukua mimi, mama na Badi hadi hospitali ya kwao. Huko walinitoboa mfupa wa nyonga, wakavuta uboho, wakamtilia Badi mshipani. Hakuwa ametimiza mwaka.

Tuliporudi, daktari akatupa masharti. Mfasiri alikuwa Katana, mpishi wake, aliyeokota Kitaliano hapo hapo jikoni.

"Kinga ya Mishi ndiyo kwanza inaota ndani ya huyu mtoto. Itachukua mwaka, pengine miwili. Maji yachemshwe. Wageni wasimbusu."

Na la mwisho Katana alilisema mara mbili.

"Asichanjwe. Mpaka daktari mwenyewe aseme."

Baba akamgeukia bibi pale pale. "Umesikia, mama?"

Maana kwetu kuchanjwa ni nini? Ni wembe. Ni chale na dawa nyeusi ya kupakwa. Na fundi wa chale mtaani alikuwa bibi yangu, Bi Tumu. Nusu ya watoto tuliocheza nao walikuwa na alama zake vifuani.

"Nimesikia," bibi akasema. "Wembe wangu nautupa chooni."

Akautupa kweli, nikimwona.

Miezi ikaenda. Badi akanenepa, akaanza kunivuta nywele. Nikatamba kama mimi ndiye niliyemzaa.

Siku moja mama yuko shamba, wauguzi wakaja shuleni na gari, wanadunga watoto sindano ya kifua kikuu. Nikambeba Badi mbio.

Muuguzi akamtazama mkono wa kushoto, hana kovu. "Huyu ni mgonjwa?"

"Amepona," nikajibu.

Akamdunga. Muuguzi wa watu hana lawama.

Bibi akatukuta mlangoni. "Mwatoka wapi?"

"Kudungwa sindano, bibi. Asipate kifua."

"Umefanya vyema, mjukuu wangu."

Wiki ya sita, pale palipodungwa pakatoka kidonda. Kikakataa kukauka. Kwapani tezi ikavimba, kwanza kama kunazi, kisha kama yai. Homa ikawa inarudi kila jioni, saa ile ile. Usiku nikawa naamka kumsikiliza anavyopumua.

Baba akakiona kidonda. "Nani amemchanja mwanangu?"

Mkanda alikuwa ameshaufungua. Akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu. Nikafungua mdomo.

"Ni mimi," bibi akasema.

Baba hakuinua mkono kwa mamake. Alizifunga nguo za bibi kwenye shuka, akampeleka kijiji cha Sabaki kwa ndugu yake bibi siku hiyo hiyo. Bibi akaniangalia mara moja tu, kidole mdomoni.

Nami nikanyamaza. Nilikuwa mwoga, na mpaka leo naona haya kuliandika.

Daktari akaja. Akaambiwa wembe, akaamini wembe. Akatoa dawa za kidonda kichafu. Siku tisa Badi akazimeza, na siku tisa akazidi kukonda, mpaka akawa haombi hata maji.

Siku ya kumi daktari akamshika kwapa, akamwambia Katana jambo. Katana akainamisha kichwa, asitufasirie.

Hapo nikasema, mbele ya wote.

"Hakuchanjwa. Bibi hakumgusa. Alidungwa sindano shuleni, mimi nilimpeleka."

Katana akajishika kichwa. "Mishi, hiyo ndiyo chanjo. Ndiyo tuliyowakataza."

Kumbe dawa ile ina vijidudu hai, vimedhoofishwa. Mtoto mwenye kinga vinamfaa, mwili wake unajifunza. Badi kinga yake ilikuwa changa, vikawa vinamla.

Daktari akabadili dawa saa ile ile, akampa za kifua kikuu. Akaigusa tezi. "Hii ni kinga ya dada yake, inapigana. Isingekuwepo, mngeshamzika."

Ilichukua miezi minane. Badi akapona.

Baba akaenda Sabaki kuomba radhi, nami nikamfuata. Nikamuuliza bibi kwa nini alinibebea.

"Nilipokiona kidonda nilijua ni ile sindano," akasema. "Nikaona mimi mzee, bora nichukiwe mimi. Sikujua kwamba namfichia Badi dawa yake."

Akalia kama mtoto. Kurudi Mambrui akakataa katakata. Alisema hana uso wa kumtazama Badi.

Alifia huko huko, mwaka 1989. Badi alikuwa na miaka minne, na hakuwahi kupakatwa naye tena.

Wenzangu, daktari akikwambia neno, muulize maana yake hata kama unadhani unalijua. Na kwenye kitanda cha mgonjwa usimfichie mtu aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi maradhi tuliyaficha kwa kupendana.