Mhuri wa Mtendaji Kwenye Madodoso

Siku ile nilikuwa na haraka, na ubaya wote ulianzia hapo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani Ihanda nachuma kahawa na mama, ndipo akaja mtafiti wa chuo kikuu. Sisi tulimwita Dokta. Alitaka kujua watu wa Karagwe na Kyerwa wanapigaje kura, na kwa nini. Akachukua vijana kadhaa akatufundisha siku tatu kwenye ukumbi wa kanisa.

"Tangu wakati wa mkoloni," alisema, "anayekuja kwako na karatasi anataka kodi au anataka jina lako. Kwa hiyo mtu atakujibu kile anachodhani serikali inapenda kusikia. Kazi yenu ni kumfanya aisahau ile karatasi."

Akatukataza mambo mawili: tusiandike jina la mtu, na tusimwonyeshe yeyote dodoso lililojazwa.

Niliona ni rahisi. Majina sikuandika. Ila nyumba za huku hazina namba, zimejificha ndani ya migomba, na mimi nasahau. Basi kwenye kona ya kila dodoso nikawa naandika kitu cha kunikumbusha. Paa jekundu. Mzee wa pikipiki mbovu. Mama wa cherehani.

Huyo mama wa cherehani nilimkuta kijiji kimoja mbele ya Nkwenda, anashona sare za shule. Baba yake alitoka Rwanda zamani kuja kulima vibarua. Alinisogezea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, na hakujibu swali hata moja mpaka nimetafuna.

"Umetumwa na nani?"

"Na Dokta wa chuo, mama."

"Sasa Dokta kura yangu anaila na nini, na maharage?"

Tukacheka. Lakini nilipofika kwenye uchaguzi uliopita, akasimamisha cherehani.

"Mtendaji wa kijiji alipita hapa. Akasema, nyie wa kuja tunawajua, mpige vizuri. Mimi wa kuja? Mimi nimezaliwa kwenye kibanja hiki hiki, chini ya migomba hii. Nikaenda nikampigia mwingine." Halafu akanishika mkono wenye kalamu. "Usiandike hilo. Barua yangu ya kuombea kitambulisho cha taifa iko mezani kwake, naifuatilia tangu kahawa zikiwa maua. Asipogonga mhuri, mimi si mtu wa hapa."

"Haina jina, mama. Hakuna atakayejua."

Nikaandika.

Mchana bodaboda wangu ananipigia honi barabarani, mimi nawaza jambo moja tu: nimalize, nirudi. Na huku kwetu karatasi bila mhuri si karatasi. Ruhusa ya shule ina mhuri, barua ya msiba ina mhuri. Nikaona Dokta atafurahi, atajua kweli nilifika. Nikapita ofisini kwa mtendaji, katazo la pili la Dokta limenitoka kichwani, nikamkabidhi bunda lote.

"Kale kwanza, binti," akasema. "Nitagonga moja moja."

Nikaenda mgahawani kwa ndizi na maharage. Nimeshika kijiko, ndipo nikayakumbuka yale maneno ya kwenye kona. Sikumaliza sahani.

Nilipofika alikuwa hagongi tu, anasoma.

"Paa jekundu! Huyu namjua." Akagonga. "Mzee wa pikipiki mbovu! Binti, umempatia kabisa." Akagonga. La tatu lilikuwa la mama wa cherehani.

Nikaweka kiganja juu ya bunda. "Samahani mtendaji. Dokta amepiga simu, zenye mhuri hazitaki."

"Hazitaki? Chuo gani hicho kinakataa mhuri wa serikali?"

"Hata mimi nashangaa."

Hakuondoa mkono wake. Alinyanyua ukingo wa karatasi kwa kidole gumba, akaangalia. Mimi navuta, yeye kashika. Kisha akaachia.

"Yule mama wa cherehani ulimkuta?"

"Nilimkuta."

"Anaongea sana?"

"Alikuwa anashona."

Alisoma nini, mpaka leo sijui. Nilirudi mbio kwa yule mama nikamwambia kila kitu, hata lile bunda nililolipeleka mwenyewe kwa mikono yangu. Alinitukana Kinyarwanda, akanimalizia kwa Kiswahili: "Umesoma ili uwe mjinga?" Halafu akajifunga kitenge.

"Nakwenda sasa hivi, kabla hajakaa akafikiri. Na wewe tangulia mbele."

Ofisini kulikuwa na wazee wawili wanasubiri kwenye benchi. Mtendaji alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Wino umekwisha, mama. Njoo wiki ijayo."

Mama akakaa kwenye benchi. "Nitausubiri huo wino."

Nikachomoa lile dodoso la mzee wa pikipiki, nikalikunja ubaki mhuri peke yake, nikaupitishia kidole. Ulichafuka.

"Mtendaji, huu wa sasa hivi haujakauka."

Mzee mmoja akakohoa. "Ala! Wino umekimbilia wapi, mtendaji? Uganda?" Mwenzake akacheka mpaka fimbo ikaanguka.

Mtendaji akafungua droo. Barua ilikuwa juu kabisa, imeshaandikwa zamani. Akagonga mhuri kwa nguvu, meza ikaruka.

Nje, mama aliiweka barua kifuani, akaninyooshea mkono. "Na ile karatasi yangu." Sheria ya Dokta ilikataza. Nikampa. Tulipofika kwake akaiwashia moto chini ya chungu cha maharage, nikasubiri mpaka imeisha.

Jioni nilimwambia Dokta yote. Hakufoka, na mimi nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Alichukua orodha yake akakifuta kijiji kizima kwa mstari.

"Wale watu wote walikupa muda wao," akasema. "Utawaambia nini?"

Awamu ya pili hakuniita.

Juzi nilikuwa sokoni Nkwenda, nikasikia mtu anaita, "Wewe Dodoso!" Nikageuka. Mama wa cherehani, kapanga sare chini kwenye turubai.

"Shikamoo mama. Kitambulisho kimetoka?"

"Wanasema kiko njiani." Akapiga sketi kofi kutoa vumbi. "Nitakwenda tena Jumatatu. Na safari hii wewe baki nyumbani kwenu."