Mkia Ambao Sikuuona

Miaka ile ya tisini macho ya baba yalikuwa yameisha kabisa, kwa hiyo kila picha iliyoingia nyumbani, hata ya mjukuu wake aliyezaliwa mjini, ilipitia mdomoni mwangu. Shule niliachia darasa la tatu, lakini picha haitaki kusoma, ama ndivyo nilivyofikiri. Nilikuwa nimerudi kwa wazazi baada ya kumtoroka bwana aliyekuwa akinipiga. Hiyo ni habari ndefu, na siionei aibu.

Sasa, mdogo wangu wa kike alipata mchumba upande wa Mulot. Wazee walikuwa wameelewana, ikabaki baba kumkubali mtamba mmoja, yule wa kutangulia wengine. Baba alikuwa na sheria yake: mnyama wa mahari aje mzima, pembe, masikio, mkia. Aliyekatika mkia haingii bomani kwake. Kawaida angeenda kumpapasa mwenyewe, lakini ugonjwa wa miguu na midomo uliingia kule, serikali ikaweka karantini, na baba hakutaka kuuleta kwa viatu vyake. Basi wakatuma picha.

Mdogo wangu alinivuta nyuma ya jikoni. "Dada, sema vizuri. Usiniharibie."

Mimi na baba tuliketi nje kwenye jua, mdogo wangu amesimama karibu.

"Anza kichwani," baba akasema.

"Pembe zimeinama mbele kidogo. Uso mweusi, paji jeupe. Kijana mwenyewe ameshika kamba, amevaa koti la kijivu, kubwa kumzidi."

"Koti si mahari. Mkia?"

Hapo sasa. Kijana alikuwa amesimama kando ya matako ya mtamba, koti likafunika nyuma yote. Mdogo wangu alikuwa ananikazia macho.

"Umefika karibu na kwato," nikasema. "Una nywele nyingi." Mpaka leo sijui hizo nywele nilizitoa wapi.

Baba akacheka. "Peleka neno. Nimekubali."

Kuanzia siku hiyo nilichuna chai kama mtu wa homa, mpaka karani wa kituo cha kupimia chai akanirudishia gunia: "Mama, leo umeleta majani ama kuni?" Mimi nilikuwa nawaza lile koti. Uwanja wote ule, kwa nini asimame pale pale? Na mtamba akifika na kipande cha mkia mbele ya wazee, je? Wakwe watarudishwa, mdogo wangu ataaibika, na baba atajua kwamba hata yale macho ya kuazima hana.

Jumapili, tukitoka kanisani, nimemshika baba mkono, ikanitoka. "Baba, ule mkia sikuuona. Kijana ameufunika."

Akasimama njiani. "Na nywele?"

"Niliweka mimi."

"Na picha ya mjukuu wangu, yale mashavu uliyonieleza?"

"Mashavu ni ya kweli, baba."

"Nitajuaje?"

Nikamshika mkono vizuri, tukaendelea mpaka nyumbani.

Baba akatuma ujumbe kwamba hajakubali mpaka apapase. Mdogo wangu aliposikia alinijia na sufuria mkononi. "Wewe umeshindwa na bwana yako, sasa unataka tuzeeke wote hapa tukichuna chai?"

Karantini ilipoondolewa, mtamba aliletwa. Baba akaanza kwenye pembe, kisha masikio, akapitisha mkono mgongoni polepole. Akafika nyuma, akaushika mkia, akauvuta chini mpaka karibu na kwato.

"Upo."

Wazee wakacheka. Kijana akaeleza kwamba siku ile nzi walikuwa wengi, mtamba akawa anapigapiga mkia na kuharibu picha, ndipo akaubana kwa koti lake.

Mdogo wangu alizunguka na kibuyu cha mursik, akawamiminia wote maziwa hayo ya mgando. Mimi akanipita.

Baba bado alikuwa ameegemea mtamba. "Msichana wangu," akaniita, "hapa nyuma ana rangi gani?"

Nikazunguka, nikainama, nikaangalia upande huu na huu kabla ya kufungua mdomo.