Asubuhi Mama Kabula Alipoaga Kazi Geita

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na naikumbuka zaidi tangu uliponiambia umepata kazi kwenye kampuni ya teknolojia, upande wa usalama wa kompyuta. Ni asubuhi ambayo Mama Kabula aliacha kazi.

Wakati huo nilikuwa binti tu, fundi mdogo wa kompyuta katika ofisi ya Geita ya kampuni moja kubwa. Tulikuwa na mfumo wa simu ambao wachimbaji wadogo waliutumia kuuza dhahabu. Mtu anapima mzigo wake kwa mnunuzi, mauzo yanaingizwa kwenye simu, malipo yanafika hapo hapo. Mkuu wetu wa usalama alikuwa Mama Kabula, mzaliwa wa Bugarama, binti wa wafugaji. Wakubwa wa Dar es Salaam walipokwama walimpigia yeye. Ungemkuta ofisini usingejua. Alivaa kitenge na raba, akasalimiana na walinzi kwa Kisukuma, na uji wake wa asubuhi akaunywa nao pale getini.

Nilianza kumheshimu kabla ya mambo haya. Meneja wetu alikuwa anakaribia kuoa, na wivu ulikuwa unamsumbua. Akamwomba Mama Kabula amwangalizie mchumba wake anaongea na nani kwenye simu. Mama akacheka kidogo.

"Meneja, mume wangu nimeishi naye miaka yote hii na sijawahi kumchungulia. Huyo mchumba wako nimchungulie kwa lipi?"

Meneja naye akacheka, yakaisha. Lakini mimi nilibaki nayo moyoni, maana Mama Kabula alikuwa na uwezo wa kuona karibu kila kitu, na hakuna siku niliyomwona akiangalia jambo lisilomhusu.

Basi akaja mchimbaji anaitwa Masanja, mkono umevunjika, umefungwa kwa kanga shingoni. Wiki iliyotangulia alikuwa ameuza dhahabu mchana, akapanda bodaboda kurudi kwake. Njiani watu wenye pikipiki wakamzuia, wakampiga, wakamlazimisha kutoa namba yake ya siri, wakazihamisha pesa zake zote.

"Walinitaja kwa majina yangu yote matatu," alisema. "Walijua nimeuza kwa nani. Na mimi sikumwambia mtu, hata mke wangu."

Dada wa mapokezi akamwambia labda alilewa akaropoka. Masanja akainamisha kichwa. "Mimi nimeokoka, dada. Pombe sinywi."

Mama Kabula aliyasikia hayo kutoka chumba cha ndani. Akatoka, akakaa kwenye benchi karibu naye. "Mwangaluka, baba," akamsalimia, na akamwacha aeleze yote tangu mwanzo bila kumkatiza. Kisha akarudi kwenye mashine zake. Chakula cha mchana hakula. Jioni akaniita nione alichokipata: kulikuwa na mwanya kwenye mfumo wetu. Mtu mwenye ujuzi kidogo tu angeweza kuona nani ameuza dhahabu, wapi, na namba yake ya simu. Na kuna watu walikuwa wameshaujua, wanachungulia.

Aliuziba kabla ya kwenda nyumbani. Mimi nikapumua, nikidhani yamekwisha.

"Bado," akasema. "Waliochungulia wanayo majina tayari. Watu lazima waambiwe wabadilishe namba za siri, wabadilishe na njia wanazopita."

Kesho yake asubuhi meneja, ambaye Mama Kabula alikuwa ameshampa taarifa, akatukusanya wote. Siku hiyo hiyo walikuwa wanakuja wageni kutoka nje kuuangalia mfumo, na kampuni ilikuwa inawategemea sana kwa mtaji. Akasema wateja wataambiwa wageni wakishaondoka. Kisha akamgeukia Mama Kabula. "Na wewe utasimama mbele yao, useme taarifa za wateja wetu hazijawahi kuvuja."

"Zimevuja," Mama Kabula akajibu.

"Si umeshaziba?"

"Nimeziba jana. Masanja amevunjwa mkono wiki iliyopita."

Meneja akapandwa na hasira, akasema asiyeweza kuisemea kampuni anaujua mlango ulipo. Nadhani hakukusudia. Hakuna aliyeamini kwamba mtu kama yule angeweza kuondoka.

"Sawa," Mama Kabula akasema. "Basi naomba niage."

Hakupandisha sauti. Lakini mimi nilikaa karibu naye, nikajua anaogopa. Alikuwa na watoto shuleni, na mshahara wake ndio uliokuwa unaiendesha nyumba.

Nilimfuata chumbani kwake nikilia kwa hasira. Nikamwambia aondoke na nywila zote, asimwachie mtu, tuone kama hawatamwangukia miguuni. Mwanangu, ndiyo mara pekee aliyowahi kunikemea.

"Halafu Masanja kesho atalindwa na nani?" akaniuliza. "Nimekataa neno la meneja. Wachimbaji hawajanikosea kitu. Futa machozi, vuta kiti, nikufundishe hii kazi nikiwa bado nipo."

Akanifundisha mpaka mchana. Kila nywila alinikabidhi, kila kona ya mfumo alinionyesha, na nilipokosea alirudia bila kuchoka, kama mtu ambaye kesho yake angekuwepo.

Alipotoka na begi lake, Masanja alikuwa mapokezi, amekuja kufuatilia malalamiko yake. Mama Kabula akasimama mbele yake, sisi wote tunasikia.

"Baba, waliokupiga walizipata habari zako kwenye mfumo wetu. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wake. Nakuomba radhi."

Masanja akamuuliza, "Kwa hiyo sio mdomo wangu?"

"Sio mdomo wako, baba."

Yule mwanaume mzima akafuta macho kwa mkono wake mzima. "Wabeja, mayu," akasema. Asante, mama.

Masanja alienda moja kwa moja kwa wenzake kwenye maduara yao ya kuchimbia. Kabla jua halijapoa, wachimbaji walikuwa wamejaa uwanjani kwetu, hawana fujo, wanataka tu kuelezwa. Na wageni walikuwa wameshafika. Meneja akalazimika kutoka nje na kusema ukweli, na jioni ile kila mteja alipata ujumbe wa kumtahadharisha. Wateja wetu hawakutekwa tena namna ile.

Baadaye wakubwa walimfuata Mama Kabula wakimsihi arudi. Aliwashukuru, akasema ameshawaahidi vijana wa Shinyanga kuwafundisha. Mwaka ule ulikuwa mgumu nyumbani kwake, sitakudanganya. Lakini darasa alilofungua hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, lilikua, mpaka kampuni ile ile ikawa inaleta wafanyakazi wake kwake, na yeye anawapokea vizuri. Kila nilipomchokoza amseme meneja, alinibadilishia mazungumzo.

Kwa hiyo, mwanangu, kazini utapewa uwezo wa kuona mambo ya watu wasiokujua kabisa. Usichungulie, hata ukiombwa na mkubwa, hata ukiombwa na ndugu. Kitu cha mtu kikiharibika mikononi mwenu, mwambie mwenyewe mapema, kabla hajaambiwa kwamba kosa ni lake. Na ikitokea siku huwezi kubaki, kabidhi kazi yako yote ndipo uondoke. Huenda siku hiyo isikufike kamwe. Wengi hustaafu bila kuiona. Ikikufika, usione aibu kuogopa. Sema ukweli huku unaogopa.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe wakubwa wanaosikiliza, akupe wenzako wa kukuambia pale unapokosea, na wale wote watakaokukabidhi siri zao bila hata kulijua jina lako, wafike makwao salama.