Wigi la Mama Aika Kwenye Tovuti

Jamani, nilitamani ardhi ya Njiro ipasuke inimeze. Bosi wangu wa kampuni ya utalii, Mama Aika, aliniagiza kila picha ya tovuti niiandikie maelezo yaliyofichwa, ili kompyuta iwasomee wasioona. Nikajidai mjanja: nani atayasikia? Kwenye picha yake nikaandika utani wangu.

Juzi akaja kaka yake, mwalimu asiyeona, na kompyuta yake inayoongea. Ofisi nzima tukamzunguka.

“Shikamoo, mwalimu,” nikamwamkia.

“Marahaba. Haya, tuisikie kazi yako.”

Kompyuta ikatangaza kwa lafudhi ya Kizungu: “Mama Aika na wigi lake, kama mgomba uliochanwa na upepo.”

Mama Aika akashika kichwa. Mwalimu akaangua kicheko.

“Mama Aika! Kumbe ni wigi? Na kanisani kila Jumapili nasifiwa nywele za dada yangu!”