Kura ya Médiatrice Mashineni

Kama hujawahi kumwona Médiatrice akikasirika, usiombe. Hapigi kelele. Anakunja mikono kifuani, ananyamaza, halafu anakuwa mgumu kama kisiki, na hapo hata umletee mkuu wa mkoa hatikisiki. Ndivyo alivyokaa siku ile kwenye mashine ya kusaga, Mpanda mjini, na ugomvi wenyewe, utacheka, ulihusu marais wa Marekani waliokwisha kufa zamani.

Huyu mama kazaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi hapo jirani na Mpanda. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakapewa pori, wakalifyeka huku watoto wako mgongoni, likawa mashamba. Yeye alipopata akili alikuta mahindi na tumbaku, akalima mahindi na tumbaku. Burundi hajaikanyaga hata siku moja. Kipindi kile walipopewa uraia na kuambiwa hapo hapo kwamba watahamishiwa mikoa mingine, majirani wengi waliacha hata kuezeka upya. Nani aezeke nyumba ya kuiacha? Médiatrice ndiyo kwanza akafyatua matofali. Mumewe, marehemu Dionizi, akamuuliza, "Mama Glory, unajenga ya nini na sisi tunaondoka?"

"Ondoka wewe," akamjibu. "Mimi napiga bati."

Ule mpango wa kuhamisha watu ukaja kufa, na nyumba ya bati ipo mpaka leo. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye waliyetaka kumnyamazisha!

Mahindi yake huyasagia mjini kwa Hilari, kwa sababu unga anauuza sokoni palepale. Na kwa Hilari kuna bunge. Umeme ukikatika, na unakatika bila hodi, wenye magunia wanakaa juu ya magunia yao na mjadala unaanza. Sharti ni moja tu: mwenye gunia kwenye foleni ana haki ya kusema, na ana kura. Spika ni mzee Gelasius, Mkonongo mwenye sauti nzito, ambaye babu yake kazikwa hapo hapo Mpanda na hachoki kukukumbusha. Siku hiyo redio ya Hilari ilikuwa imemaliza kipindi cha historia ya marais wa Marekani, umeme ukakatika, na spika akatoa hoja: kati ya wote hao, nani alikuwa mbovu kuliko wenzake?

Weee! Utadhani waliwahi kutawaliwa nao. Fabiani, mkulima wa mpunga kutoka Usevya, alimshikia bango Buchanan. "Nchi inapasuka vipande viwili, yeye anasema kujitenga ni kosa, lakini kuzuia siyo kazi yake! Huyo ni rais au mpangaji?" Watu wakaangua kicheko. Amosi wa Sibwesa akaruka na Nixon: "Mtu anafunga vinasa sauti ofisini kwake, halafu anapanga kuficha maovu humo humo! Mwizi gani anajirekodi?" Kasilda, mama wa maandazi, yeye alimkasirikia Harrison, yule aliyefariki baada ya mwezi mmoja tu madarakani.

"Sasa huyo kakukosea nini?" Amosi akamuuliza. "Hata muda wa kuharibu hakupata!"

"Kanipotezea kura yangu," Kasilda akasema, utadhani alimpigia yeye.

Ndipo Médiatrice akasema, "Jackson." Wakamgeukia.

"Hao wenu walishindwa kazi," akaendelea. "Huyu kazi aliiweza, ndiyo ubaya wake. Alisaini sheria ya kuwatoa watu wa asili kwenye ardhi yao. Wakaja kufukuzwa na askari, wakatembezwa mpaka ng'ambo ya mto mkubwa, wazee na watoto wakafia njiani. Na walikuwa wamelima! Walikuwa wamejenga! Mnaniambia Buchanan alilala? Afadhali anayelala."

Mzee Gelasius akakohoa. "Mama, hayo yanakuuma wewe kwa sababu ya mambo yenu ya ukimbizi. Sisi hapa tunapima uongozi. Na kwenye kupiga kura, nyie wageni mtatusamehe. Kura ni ya wenyeji."

Wageni. Neno hilo alilisikia shuleni akiwa mdogo, akalimeza. Alilisikia sokoni, akalimeza. Alilisikia hata kwenye msiba wa mumewe, na siku hiyo alilimeza na machozi. Safari hii lilimkwama kooni, akaona kabisa kwamba akilimeza tena atalimeza mpaka kufa kwake, na Glory atalirithi.

"Sharti la hapa ni gunia, mzee," akasema. "Langu hili hapa, nimelikalia."

Gelasius akaanza kusoma kura kwa utaratibu wao, jina la mtu na kwao. Fabiani wa Usevya, Buchanan. Amosi wa Sibwesa, Nixon. Kasilda wa Makanyagio, Harrison. Akaenda hivyo foleni nzima, Buchanan akazoa kura, na kwa Médiatrice akapita kama anapita penye shimo. Fabiani alijifanya anakaza kamba ya gunia lake.

Mara umeme ukarudi. Mashine ikaunguruma. "Haya, mama Glory, leta!" Hilari akaita. "Wewe ndiye wa kwanza."

Médiatrice akakunja mikono kifuani. "Sisagi."

"Hee! Husagi?"

"Nitasaga kura yangu ikisomwa."

Jamani! Kwa Hilari gunia halirukwi. Watu waliwahi kutwangana ngumi hapo kwa ajili ya kurukana, akaweka sheria: mwenyewe asipotoa ruhusa, wa nyuma wote wanangoja. Amosi akaomba apishwe. Hapana. Kasilda akalia kwamba umeme utakatika tena na watoto wanasubiri ugali. "Hata wangu wanausubiri," akajibiwa.

"Wewe mwanamke una kiburi!" Gelasius akang'aka.

"Ninacho. Nimezaliwa nacho Katumba. Katumba iko mkoa gani, mzee? Hebu nisaidie."

Fabiani akaiacha ile kamba. "Mzee, soma kura ya mama tusage. Sharti tuliliweka wenyewe, na gunia analo."

Gunia lililofuata lilikuwa la Gelasius mwenyewe. Akalitazama, akatazama taa ya mashine. "Haya. Jackson, kura moja."

"Ya nani?"

"Ya mama huyu."

"Mama huyu hana jina?"

"Médiatrice," akasema, akafunga mdomo.

"Wa wapi?"

Mashine ilikuwa inazunguka tupu, Hilari anapiga kelele kwamba mkanda wake unaisha. Foleni nzima inamkodolea macho spika. Jina la kwao alipolitamka, alilitamka kwa meno yaliyobanana.

"Sijasikia," Médiatrice akasema. "Mashine ina kelele."

"Médiatrice wa Katumba!" mzee akafoka, mpaka watu wa barabarani wakageuka.

Jackson alikuwa ameshindwa vibaya, kura yenyewe ndiyo hiyo moja. Médiatrice aliinuka, machozi yanamtiririka na wala hayafuti, akafungua gunia lake. "Haya, Hilari," akasema. "Saga."